Motokaa Yako: Je, Oili Nzito Ndiyo Bora?

Majuma mawili yaliyopita nilipokea barua ya mama mmoja akaaye katika kambi ya jeshi karibu na Kampala. Mumewe, ambaye ni koplo, yuko kazini Somalia, na kwa posho aliyoiweka akiba huko, jamaa hii imenunua Toyota ndogo iliyokwisha kutumika Japani. Motokaa hiyo ndiyo iwapelekayo watoto shuleni, na jioni huchukua ndizi na viazi vya biashara ya mama huyo kutoka sokoni. Aeleza kwamba fundi aliyeifanyia huduma ya kwanza alitia oili yenye alama 20W-50, akisema kuwa nchi yetu ni ya joto na oili nyepesi huwa kama maji. Tangu hapo, injini iwashwapo asubuhi husikika mlio wa kugongagonga kwa muda mfupi, kisha hunyamaza. Fundi wa pili amemshauri atie oili nzito zaidi ili mlio ukome. Mama auliza: "Nimwambie nini baba watoto akipiga simu?"

Jibu langu ni kwamba asikubali oili nzito zaidi, na hata hiyo iliyomo aiondoe.

Tarakimu tuzionazo juu ya kopo ziliwekwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kijulikanacho kwa herufi SAE, kilichoundwa mwaka 1905. Watu wengi hudhani kwamba namba kubwa ni daraja la juu, kama vile cheo cha sajini kilivyo juu ya koplo. Sivyo. Namba hizo hazipimi ubora hata kidogo. Zapima wepesi na uzito wa kutiririka tu. Namba ya mwisho, yaani 20, 30, 40 au 50, yaonyesha uzito wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100 za Sentigredi. Ile ya mwanzo, ifuatwayo na herufi W, yahusu baridi: oili ya 0W hujaribiwa katika nyuzi 35 chini ya sifuri, na ya 20W katika nyuzi 15 chini ya sifuri. Mkazi wa Kabale, hata awe zamu usiku wa Julai, hajapata kuiona baridi ya namna hiyo.

Hapo ndipo hoja ya fundi inapoonekana kuwa na nguvu. Ikiwa hatuna theluji, kwa nini tutumie oili ya watu wa theluji? Lakini, ndugu msomaji, oili haifanyi kazi barabarani. Yafanya kazi ndani ya injini. Kati ya injini na rejeta pana kifaa kiitwacho thamostati, ambacho huzuia maji yasizunguke mpaka yapate joto, kisha hufunguka na kuyashikilia karibu na nyuzi 90. Injini iliyokwisha kupata moto kaskazini mwa Japani na injini iliyokwisha kupata moto Jinja zina joto linalokaribiana sana. Waliounda injini hiyo walipima nafasi kati ya beringi na shafti kwa kufikiria joto hilo, si kwa kufikiria jua la nje.

Tena namba ya mwanzo haikosi maana kwetu. Asubuhi, injini ikiwa na nyuzi 18 au 20 tu, oili ya 5W hutiririka upesi kuliko ya 20W na huwahi kufika juu, penye kemshafti na vali. Katika Toyota zenye mtambo wa VVT-i, uliotokea katikati ya miaka ya 1990, hiyo oili ndiyo isukumayo gia ya kemshafti kupitia vijia vyembamba mno. Oili nzito huchelewa humo, na oili iliyochakaa huacha tope la kuviziba.

Siwezi kuitibu injini kwa barua. Huenda mlio ule watokana na oili kuchelewa kufika, au huenda cheni au kikaza cheni kimechakaa. Kwa hiyo mama aanze na jambo rahisi: oili yote imwagwe, filta iwe mpya, na itiwe ile iliyoagizwa na kiwanda, ambayo kwa injini nyingi za namna hiyo ni 5W-30 au 0W-20. Mlio ukibaki, fundi apime shinikizo la oili kwa geji kabla ya kufungua au kuuza kitu chochote. Asiye na geji asipewe injini ya mtu.

Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani, si kitu, kwa maana tarakimu ni zilezile. Na katika magari mengi zimechapwa juu ya kifuniko cha kutilia oili. Aangalie pia wingi. Injini ya 1NZ-FE, iliyo ya kawaida katika Toyota ndogo za miaka ya 2000, huchukua takriban lita 3.7 pamoja na filta, lakini kopo ni la lita 4, na nimeona mafundi wakilimimina lote ili lisibaki! Oili ikizidi mno hupigwa na kranki ikafanya povu. Gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe kwa dakika chache, kijiti kifutwe kisha kipimwe. Oili isipite alama ya juu.

Ubora wenyewe husomwa katika herufi za API. S ni ya petroli, C ni ya dizeli, na herufi ifuatayo kadiri iendavyo mbele ndivyo oili ilivyo ya kisasa. SF ilikusudiwa injini za mwaka 1988 na za kabla yake. SP ilianza 2020. Makopo mawili yaweza kuwa yote 20W-50, moja SF na jingine SP, na bei zikatofautiana kwa sababu ya haki.

Sisemi kwamba 20W-50 ni sumu. Mwenye Peugeot 504 au Land Rover ya zamani, ambayo kitabu chake chaitaja, aitumie kwa amani. Wenye dizeli nao wasishtuke oili ikiwa nyeusi baada ya siku chache, kwani inashika masizi ili yasigande. Ila ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Askari wenye pikipiki watafute alama JASO MA, kwa sababu klachi ya pikipiki nyingi huoga katika oili hiyohiyo, na oili ya motokaa yaweza kuifanya iteleze.

Palipo na tofauti ya kweli kati yetu na Japani ni vumbi, milima, mizigo, na foleni za Kampala ambamo injini huunguruma saa nzima bila gari kwenda mbali. Dawa yake ni kubadilisha oili mapema. Vitabu vingi huagiza muda ukatwe nusu katika hali kama hizo. Safari fupi za shule na soko nazo zimo, maana injini huzimwa kabla haijapata moto. Kwa gari la mama huyu ningeshika kilomita 5,000 au miezi sita, lolote litakalotangulia.

Taa nyekundu yenye picha ya birika la oili ikiwaka njiani, azime injini papo hapo, hata kama watoto watachelewa shule. Taa hiyo yahusu shinikizo, na injini isiyopata oili huharibika kwa dakika chache.

Oili chafu itakayomwagwa isiwekwe katika chupa ya soda nyumbani penye watoto, wala isimwagwe mtaroni. Airudishe gereji ndani ya kopo lilelile, baada ya kuandika namba za oili na kilomita kwenye kipande cha karatasi cha kumsomea baba watoto.