Kuti la Kuuza na Kuti la Kujiezekea

Masika iliyopita paa la jiko langu hapa Msambweni lilivuja kama chujio. Makuti yake nilikuwa nimeyanunua mwaka mmoja tu uliotangulia kwa mchuuzi wa kando ya barabara, nami niliyapokea kwa idadi bila ya kuyatazama. Bibi mmoja jirani, ambaye kushona makuti ndiyo kazi yake tangu ujana, alikuja akachomoa moja, akaliinua mbele ya jua, akacheka.

"Hili kuti la kuuza, mwanangu," akaniambia. "La kujiezekea halishonwi hivi."

Neno hilo halijanitoka tangu siku ile. Kuti la viungo, kama wasomaji wajuavyo, ni majani ya mnazi yaliyokunjwa juu ya ufito na kushonwa moja baada ya jingine. Ukiyasogeza yakalaliana, kuti huwa zito na maji hayapiti. Ukiyatawanya, ufito ule ule hujaa kwa majani machache, na mshonaji hupata makuti mengi zaidi kwa siku. Na mnunuzi hulipa kwa kuti. Hakuna ahesabuye majani. Basi mama mwenye watoto wa kulisha afanye nini? Ustadi anao, na paa la nyumba yake ni ushahidi. Sisi tumefundishwa tangu chuoni kwamba amali hupimwa kwa nia. Lakini hapa nia ya mtu imepindwa na bei, na aliyeipinda ni mimi mnunuzi pamoja na dalali wangu.

Nililikumbuka jambo hili nilipokuwa nikisoma habari za Ufini, nchi ya baridi na misitu iliyojipatia sifa duniani kwa vyombo na samani za nyumbani. Mwaka 1933 bwana mmoja wa huko, Alvar Aalto, alibuni kigoda cha miguu mitatu ya mbao iliyopindwa, kwa mti wa misitu ya kwao wenye gome jeupe. Mwaka 1935 yeye, mkewe Aino na wenzao wawili wakaanzisha kampuni ya Artek mjini Helsinki, na kigoda kile kinatengenezwa hadi leo. La ajabu ni hili: tangu mwaka 2006 kampuni hiyo hununua samani zake kuukuu na kuziuza tena, pamoja na mikwaruzo yake. Fundi ajuaye kwamba kazi yake huenda ikamrudia mkononi baada ya miaka hamsini ana sababu ya kuifanya imara. Wafini si malaika, na vigoda hivyo si vya bei ya maskini, lakini kwao kudumu kwa kitu kuna faida kwa yule anayekitengeneza. Kwetu, kuti likioza upesi ndipo mchuuzi anapouza jingine.

Yuko mwingine, Kaj Franck, aliyetoa mwaka 1953 vyombo vya mezani vilivyoitwa Kilta, visivyo na nakshi, vya kununuliwa kimoja kimoja. Kikombe kikivunjika, wanunua kikombe, si seti nzima. (Wake zetu wenye makabati ya vyombo vya wageni watanisamehe.) Bwana huyo baadaye alipinga jina la mbunifu kutumiwa kuuzia chombo, alitaka chombo kisifiwe kwa kazi yake. Jambo zuri, lakini yeye jina alikuwa nalo, akalikataa. Bibi zetu hawakuulizwa. Ule Msikiti wa Kongo pale Diani, penye mlango wa mto Mwachema, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na baada ya karne nyingi watu bado wanauswalia. Nani kati yetu anamjua fundi wake?

Sasa tembea ufuoni Diani uangalie mapaa ya hoteli. Mgeni hupigwa picha chini ya makuti na kuambiwa kwamba hapa tunaishi na maumbile. Fedha ya sifa hiyo haifiki kwa mshonaji wa kijijini. Na makuti hafifu yakishachosha, baadhi ya wenye majengo huleta makuti ya plastiki, ambayo hayavuji wala hayaozi. Kwamba hayaozi ndiyo balaa yake. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na sheria ya taka ya mwaka 2022 yamtaka mtengenezaji abebe dhima ya bidhaa yake hata ikiisha kutumika. Je, siku paa la plastiki litakaposhushwa, litapelekwa wapi?

Wala tusiseme kwamba kwetu haiwezekani kumlipa mtu kwa kitu kudumu. Hapo Gazi, tangu mwaka 2013, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 za mikoko, na hulipwa na watu wa mbali kwa sababu miti ile imesimama na kuhifadhi hewa ya ukaa. Fedha hizo zimeingia katika maji na shule. Zamani mkoko ulilipa siku ukatwapo tu. Ikiwa mkoko umepata bei kwa kusimama, kuti nalo lapaswa kupata bei kwa kutovuja: hoteli na serikali ya kaunti ziache kuhesabu vipande, zinunue kwa uzito na kwa mshono, moja kwa moja kwa vikundi vya akina mama.

Mimi nimeanza na jiko langu. Nilikwenda kwa bibi yule kuagiza makuti mapya. Hakuuliza mangapi, aliuliza, "La kuuza au la kujiezekea?" Nilipomjibu, alitaja bei karibu mara mbili ya ile ya barabarani, akanitazama usoni. Nikahesabu noti, nikampa.