Kabla ya kununua betri nyingine, pima volti

Wewe mwenye kinyozi pale Rangwe, ama unayechajia watu simu kwa sola: betri imefura tumbo, inanuka kama yai viza, na fundi ameshakuambia ni feki, nunua ingine. Ngoja kwanza.

Mara nyingi betri haina makosa. Imeshibishwa chaji kupita kiasi. Paneli wanayoiita ya volti 12 hutoa kama volti 17 au 18 jua likiwaka. Betri ya asidi inataka 14 na kitu tu inapochaji, ikijaa ishuke hadi 13.5 hivi. Anayepunguza hizo volti ni kontrola, kile kisanduku watu hukiruka ili waokoe pesa. Usiporekebisha hapo, betri mpya itakufa vilevile.

Saa saba mchana, weka mita kwenye vyuma viwili vya betri. Ikisoma zaidi ya 15, chomoa paneli kwanza, betri baadaye. Kisha angalia kontrola: imewekewa betri ya maji au ya jeli? Nyingine hujidanganya kuwa zinachaji mfumo wa volti 24.

Betri ya maji ikikauka, ongeza maji ya betri yasiyo na asidi, si ya bomba. Iliyofura haiponi, iondoe. Na hiyo gesi inayotoka ni haidrojeni, inalipuka, kwa hivyo usimulike ndani kwa kiberiti. Wengine wetu hulala chumba kimoja na betri. Leo usiku itoe nje.