Barua ya Wazi kwa Kadhi Mkuu: Mjane Aelezwe Kabla ya Kukubali

Mheshimiwa Kadhi Mkuu,



Nakuandikia kutoka Madogo, ng'ambo ya Mto Tana ukitokea Garissa, kuhusu wajane wanaofikishwa mbele ya kadhi bila kujua kwamba sheria imewapa hiari.

Makubaliano ya 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte wa Zanzibar yalizihifadhi mahakama za kadhi Kenya ilipopata uhuru. Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 ikazithibitisha katika masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kwa masharti mawili: wahusika wote wawe Waislamu, na wote wakubali kusikilizwa hapo. Asiyekubali hapelekwi kwa nguvu.

Huku kwetu sharti la pili hupita kimyakimya. Mume akifariki, hutafutwa kwanza barua ya chifu yenye majina ya warithi, na mara nyingi anayeifuatilia ni shemeji. Mjane huitwa mwishoni kutia kidole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza, naye lugha yake ni Kiorma, Kimunyoyaya au Kisomali. Binti aliyeolewa mbali huenda asitajwe kabisa.

Sharia haikuwasahau. Mjane ana thumuni marehemu akiacha watoto, robo asipoacha, na binti ana fungu lake. Anayewanyima ni mila iliyojificha nyuma ya jina la dini. Naamini wengi wao, wakielezwa vyema, wangemchagua kadhi kwa moyo mkunjufu.

Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Juni 2025 kuhusu urithi wa watoto waliozaliwa nje ya ndoa, wapo wanaoziona sharia na Katiba kama mahasimu. Ridhaa ya kweli ndiyo inayoziweka pamoja bila mmoja wetu kudhulumiwa.

Kwa hiyo tunaomba haya. Kabla ya kesi kufunguliwa, mjane asomewe haki yake kwa lugha yake, shemeji akiwa nje. Kadhi aulize mwenyewe kuhusu kila mtoto, asitosheke na barua ya chifu. Na maji yakikata barabara ya Garissa, kama 2023 na 2024, kikao kifanyike upande huu.

Ridhaa isiyoeleweka si ridhaa, Mheshimiwa, mbele ya Katiba wala mbele ya Mwenyezi Mungu.

Wabillahi tawfiq,
Mkazi wa Madogo, Kaunti ya Tana River