Garratt Moja Irudi Mombasa

Mtaani siku hizi ukitaja treni, mtu anakunyoshea kidole Miritini. Sawa, SGR nimeipanda mara kibao na sina ugomvi nayo. Lakini wazimu wangu mimi ni ile reli nyembamba ya zamani, ile inayopita hapa hapa Changamwe, ambayo watu washaizika ikiwa hai.

Jumapili n'lichukua tepu ya fundi nikaifuata kwa miguu kutoka Kibarani kupanda juu. Nikapima: mita moja kutoka chuma hadi chuma. SGR ni milimita 1,435. Wakoloni walichagua mita kwa sababu India tayari kulikuwa na reli nyingi za kipimo hicho, na huko ndiko walikotoa mafundi na vibarua. Halafu reli nyembamba hukata kona kali na gharama yake ni ndogo. Ukipanda kutoka baharini kwenda Mazeras utaona kwa nini kona zilikuwa na maana.

Ujenzi ulianza hapa Mombasa 1896, ukafika Kisumu 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India na karibu 2,500 wakafa. Simba wa Tsavo kila mtoto anawajua. Hiyo hesabu ya waliokufa, jaribu kuuliza darasani uone. Na kisiwani enzi hizo kulikuwa na vijireli vyembamba zaidi, futi mbili tu, vigari vyake vikisukumwa na watu huku mabwana wamekaa kivulini. Teksi ya jasho la mwenzako, yaani.

Sasa tuje kwenye kinachoniuma. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock kule Manchester kilitutengenezea vichwa 34 vya treni vinavyoitwa Garratt, daraja la 59. Jamani, hebu tafuteni picha. Tangi la mvuke liko katikati, limebebwa na seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, na kila seti inajipinda kivyake kwenye kona. Ndiyo maana dude la zaidi ya tani 250 liliweza kupita kwenye reli ya mita moja. Hakuna kichwa cha mvuke cha reli ya kipimo hiki kilichowahi kuwa kikubwa kuliko hivi, popote duniani. Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na kazi yake kubwa ilikuwa kuvuta mizigo kutoka bandari yetu kwenda Nairobi.

Mzee mmoja jirani yetu, mstaafu wa reli, aliniambia, "Mwanangu, ile ikipanda Changamwe usiku, glasi kabatini zacheza." Nikamuuliza, "Babu, mara ya mwisho kuiona ni lini?" Akacheka tu.

Vilivyobaki ni viwili, Mount Gelai na Mount Shengena. Vyote viko Nairobi. Mtoto wa Changamwe, ambaye pengine babu yake alikuwa akitia mafuta au akifunga breki kwenye mashine hizi, lazima asafiri karibu kilomita 500 kwenda kuiangalia. Nairobi yenyewe ilianza kama kambi ya reli hii. Reli ilianzia kwetu, wao wakapata makumbusho tangu 1971.

Najua mtasema vyuma chakavu vitaliwa. Ni kweli, wizi wa vyuma ulifikia mahali ambapo 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa muda. Lakini nani ataiba kichwa cha tani 250? Na mtu huiba kwa urahisi kitu asichojua thamani yake. Mtasema pia reli ya mita moja ni mambo ya kale. Basi waulizeni abiria wa Nanyuki waliorudishiwa treni 2020, na wa Kisumu 2021. Wote wanapita juu ya reli hiyo hiyo nyembamba. (Ya usafiri wa Miritini na mjini siyagusi leo, hiyo ni vita nyingine.)

Ninachotaka ni kidogo. Viko viwili, kimoja kibaki Nairobi na kimoja kishushwe kwa reli ile ile kiliyoijua, kiwekwe stesheni ya zamani mwisho wa Haile Selassie. Kiwe na paa, maana chumvi ya bahari haina huruma na chuma. Na kazi ya kuwaelezea wageni wapewe wazee wa Changamwe wenye hadithi zao, walipwe, kabla hatujaanza kuwasomea hitma mmoja mmoja.