Bukavu: Rezo ikikosa, laptopu ya mhami isiformatwe

Kuna tabia mbaya imeota mizizi katika vibanda vingi vya mafundi, na wakati umefika wa kuisema wazi. Mtu analeta laptopu kwa sababu haishiki Wi-Fi. Fundi anaitazama kidogo, anatikisa kichwa, kisha anatoa hukumu: "Tuiformate tu." Mwenye mashini, ambaye hana la kujibu, anakubali. Jioni anarudishiwa laptopu safi kama imetoka dukani. Picha hazimo. Kazi ya mwisho wa masomo haimo. Nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto hazimo. Na mara nyingine hata Wi-Fi yenyewe bado haishiki.

Kwa mkaaji ambaye makaratasi yake yamelala kabatini, hiyo ni hasara. Kwa familia iliyohama, ni msiba. Vita vilipofika Goma Januari 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, watu walibeba kilichowezekana kubebwa. Kuna walioteremka uwanda wa Ruzizi hadi Burundi. Kuna waliopokelewa na ndugu, vyumba viwili kwa familia tatu. Diploma ya baba, karatasi ya kiwanja, sura ya marehemu bibi: kwa wengi, vitu hivyo vimebaki ndani ya mashini tu. Anayevifuta bila kuuliza anamaliza kile ambacho vita havikumaliza.

Kibaya zaidi, kazi hiyo mara nyingi haihitajiki hata kidogo.

Wi-Fi na intaneti si kitu kimoja, na hapo ndipo watu wanapoliwa pesa. Njia ina vipande viwili. Cha kwanza kinatoka kwenye laptopu hadi kwenye modemu, au hadi kwenye simu inayogawa mega. Cha pili kinatoka hapo hadi kwenye antene ya kampuni na kuendelea duniani. Vile vijistari vya Wi-Fi kwenye skrini vinaeleza kipande cha kwanza peke yake. Laptopu ikiandika "Pas d'Internet" huku imeshikwa na Wi-Fi, imekwisha kufanya kazi yake. Kosa mara nyingi liko mbele, si ndani ya mashini. Wakongomani wanalijua hili vizuri: tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kwa karibu majuma matatu. Siku zile ungeformata laptopu zote za Ibanda, Kadutu na Bagira, usingepata hata barua moja.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi mwaminifu halihusu laptopu. Anachukua simu nyingine na kuiunganisha kwenye Wi-Fi ileile. Simu nayo ikikosa intaneti, laptopu iachwe, itazamwe modemu au mega. Simu ikipata, hapo ndipo laptopu inachunguzwa. Jaribio hili linachukua dakika moja na halifuti kitu.

Hapa Bukavu sababu za nje ziko nyingi. Umeme ukikatika, laptopu inabaki inawaka kwa betri yake, lakini modemu isiyo na betri imezimika. Mtu anadhani mashini imeharibika. Umeme ukirudi, modemu inahitaji dakika chache kuamka, na pengine inafaa kuichomoa, kuhesabu nusu dakika na kuichomeka tena. Karibu na mpaka, simu inayogawa mega inaweza kudaka antene ya upande wa Rwanda; vijistari vinajaa, mega hazitembei. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya simu na kuchagua kampuni yako kwa mkono. Mara nyingine mega zimeisha kwa sababu Windows imezinywa kimyakimya ikijisasisha. Wi-Fi ya simu ikiwekwa kuwa "Connexion limitée", unywaji huo unapungua sana.

Sababu za ndani nazo zina mpangilio wake, kuanzia nyepesi. Je, alama ya ndege imewashwa? Kidole cha mtoto kinatosha kuigusa. Mashini za zamani zina hata kiswichi cha Wi-Fi ubavuni. Je, neno la siri limebadilishwa? Laptopu iamriwe kuisahau rezo hiyo, kisha neno liandikwe upya, herufi kubwa na ndogo zikizingatiwa. Je, rezo haionekani kabisa, huku simu mpya zinaiona? Huenda inarushwa kwa gigahezi 5, na laptopu nzee inajua 2.4 tu, simu nyingi zinazogawa mega zinaruhusu kubadilisha. Je, Wi-Fi inashika lakini kurasa zinakataa kufunguka kwa onyo la usalama? Tazama tarehe. Saa ikiwa imerudi nyuma miaka, tovuti zinaikataa mashini, na kinachohitajika ni kurekebisha tarehe, pengine na kubadilisha kile kibetri kidogo cha duara.

Na kama kadi ya Wi-Fi imekufa kweli? Hata hapo kuformata hakuifufui. Simu ya Android iunganishwe kwa waya wa USB, nayo itapitisha intaneti, au inunuliwe kadi ndogo ya Wi-Fi ya kuchomeka. Kuformata kunaweza hata kuongeza balaa: mashini inapoteza programu inayoendesha kadi yake, na ili kuipata programu hiyo unahitaji intaneti ileile uliyoikosa.

Mafundi watajibu kwamba nao wana watoto, na kwamba hakuna mteja anayekubali kulipia alama ya ndege iliyobonyezwa. Jibu hilo lina ukweli, na wateja walisikie. Ujuzi wa kupata kosa ndio kazi yenyewe, na unastahili malipo hata kama mkono uligusa kitufe kimoja. Mganga hadharauliwi kwa sababu hakumpasua mgonjwa. Lakini umaskini wa fundi hauwezi kuwa ruhusa ya kufuta maisha ya mtu kwa bei ya sahani ya fufu.

Basi mambo matatu yafanyike. Mafundi wakubaliane bei ya uchunguzi, iandikwe ukutani, na mashini isiformatwe kabla mwenyewe hajakubali kwa maandishi na vitu vyake kunakiliwa kwenye flashi. Wanaouza Wi-Fi kwa saa waonyeshe kwanza kwamba intaneti inapita, ndipo wapokee franka. Mashirika yanayogawia vijana wahami laptopu, na vyuo vinavyodai kazi zitumwe kwa intaneti, watenge nusu siku ya kuwafundisha haya machache. Laptopu bila elimu hiyo ni mzigo mwingine wa kubeba siku ya kukimbia.

Kwa leo, familia yenye laptopu isingoje mkutano wa mtu yeyote. Iweke nakala ya vyeti na picha mahali pawili, mashini ikiwa bado nzima. Na fundi akitamka neno "kuformata" kabla hajauliza lolote, mashini ifungwe, irudi nyumbani.