Paa Kabla ya Kiwanja: Siasa ya Kuchagua Linux kwa Seva za Umma

Taasisi zetu zina ugonjwa wa kununua paa kabla ya kuuliza kiwanja ni cha nani. Nalisema hili juu ya jambo ambalo wasomaji wengi wataliona dogo, tena la mafundi: uchaguzi wa mfumo endeshi wa seva inayohifadhi tovuti. Chuo kina tovuti za idara, jarida la kitaaluma na barua pepe za watumishi. Halmashauri ina zake, chama cha wanafunzi kina zake. Mara nyingi hayo yote hukaa juu ya seva moja inayoendeshwa kwa paneli ya udhibiti, yaani programu inayomwezesha mhudumu kufungua akaunti, kuunda hifadhidata na kuweka vyeti vya usalama bila kuandika amri ndefu. Chini ya paneli ipo Linux, na Linux huja kwa sura nyingi ziitwazo distro: Debian, Ubuntu, AlmaLinux, Rocky Linux na nyinginezo.

Nimewahi kusoma hati ya zabuni ya taasisi moja iliyotaja paneli kwa jina, ikataja ukubwa wa diski na hata rangi ya kabati la seva. Juu ya distro haikusema neno. Mwandishi wake, bila shaka, aliona kuwa hilo fundi atajua. Basi fundi akajua: akaweka ile ambayo paneli ilimwamuru aweke. Hivyo ndivyo uamuzi wa kisiasa unavyofanyika bila mtu yeyote kuuamua.

Nauita wa kisiasa kwa sababu ifuatayo. CentOS ilianza mwaka 2004. Ilijengwa kutokana na msimbo wa Red Hat Enterprise Linux, ikatolewa bure, ikaaminiwa na kampuni za kuhifadhi tovuti duniani kote. Paneli maarufu ya cPanel ilikaa juu yake miaka mingi. Mwaka 2014 Red Hat iliuchukua mradi huo chini ya mbawa zake. Mwaka 2019 IBM ikainunua Red Hat kwa takribani dola bilioni 34. Septemba mwaka huo huo CentOS 8 ikatoka, na watu wakaambiwa itahudumiwa hadi mwaka 2029. Tarehe 8 Desemba 2020 wakaambiwa vingine: huduma ingekoma tarehe 31 Desemba 2021. Miaka iliyosalia, zaidi ya minane, ikawa mwaka mmoja na siku chache. Hapakuwa na kura wala rufaa. Mwenye nyumba alibadili mkataba, na wapangaji wakaanza kufunga mizigo.

Wakati wapangaji hao wakiwa bado hawajajua litakalowapata, paa nalo lilikuwa limepanda bei. Kampuni ya uwekezaji ya Oakley Capital ilikwisha kuinunua cPanel mwaka 2018, na katikati ya mwaka 2019 leseni iliyokuwa ikilipiwa kwa seva nzima ikaanza kuhesabiwa kwa idadi ya akaunti. Kwa mwenye akaunti tano si kitu. Kwa chuo kinachotaka kumpa kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu akaunti ya kufanyia mradi wake, ni bili ya dola inayokua kadiri chuo kinavyofanya kazi yake ya kufundisha. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hawa hata si ndugu zetu.

Wapo watakaosema: cha bure hakina mwenyewe, na kikiharibika utamshitaki nani? Hoja hii huipendwa sana na maofisa ununuzi, nami naomba wanitajie taasisi yetu moja iliyowahi kuishitaki kampuni ya programu ya ng'ambo, mbele ya mahakama ya huko, ikashinda. Leseni za namna hiyo huandikwa na mawakili wa muuzaji, kwa maslahi ya muuzaji. Anayelipia leseni hajanunua dhamana. Amenunua ruhusa ya kutumia.

Msimamo wangu ni huu: kwa seva ya umma, distro itangulie na paneli ifuate, na swali la kwanza juu ya distro lisiwe kasi wala umaarufu, liwe ni nani anayeweza kuubadili mkataba usiku mmoja. Kwa kipimo hicho Debian inasimama peke yake miongoni mwa hizo nne nilizozitaja. Ilianzishwa mwaka 1993. Tangu mwaka 1997 ina mkataba wake wa kijamii ulioandikwa, ina katiba, na kiongozi wake huchaguliwa na wanachama kila mwaka. Hakuna kampuni inayoimiliki, kwa hiyo hakuna wa kuiuza. Ubuntu imejengwa juu ya Debian na ni nzuri kazini, lakini ni ya kampuni ya Canonical, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. (Mwenye nyumba Mwafrika naye ni mwenye nyumba.)

Haki itendeke kwa upande wa pili. Baada ya CentOS kukatwa, watu hawakukaa kulia. AlmaLinux ilitoka Machi 2021 chini ya wakfu usio wa faida, na Rocky Linux ikafuata Juni, ikiongozwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS yenyewe. Taasisi iliyofungwa na cPanel, ambayo haikubali Debian, ichague AlmaLinux, nami sitaigombeza. Ila ikumbuke kwamba chemchemi ya distro hizo mbili iko kwa mwingine. Juni 2023 Red Hat ilitangaza kuwa msimbo utakaowekwa hadharani ni ule wa CentOS Stream tu. Mwingine ni wa wateja wake. AlmaLinux ikalazimika kubadili njia, ikaacha kunakili kila kitu neno kwa neno na kuridhika na kuhakikisha kuwa programu zinazokwenda kwenye Red Hat zinakwenda na kwake pia. Walipambana kiungwana, lakini waliopambana ni watu wa mto wa chini.

Mafundi watanijibu kwa hesabu ya miaka. AlmaLinux huhudumiwa miaka kumi kwa kila toleo. Debian ni takribani mitano, ukijumlisha miwili ya huduma ya muda mrefu. Ni kweli. Lakini tumeona miaka kumi inavyotumiwa. CentOS 7 ilitoka mwaka 2014 na huduma yake ikakoma tarehe 30 Juni 2024. Katika muda huo aliyeisimika amehamishwa, mrithi wake amestaafu, na aliyepo anaiogopa seva kama mzimu: haigusi, haizimi, anaomba tu isianguke zamu yake. Kipindi kifupi humlazimu mtu kujifunza kuhama, na Debian imeandaliwa kupandishwa toleo hadi toleo palepale ilipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hapa Tanzania inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Seva isiyopata tena marekebisho ya usalama italindaje chochote?

Paneli za kukaa juu ya Debian zipo. HestiaCP na ISPConfig ni huria. Virtualmin ina toleo huria, na hukubali Debian na jamaa za Red Hat pia, sifa kubwa kwa anayetaka kubaki na mlango wa kutokea. Sisemi huria maana yake salama. Mwaka 2018 seva za watumiaji wa VestaCP, paneli huria, zilivamiwa vibaya. Hata hivyo msimbo ulikuwa wazi, wengine wakauchukua na kuuendeleza, na HestiaCP ikazaliwa humo. Paneli ya kufungwa ikianguka, huanguka na funguo zake.

Wala tusijidai kuwa uwezo hatuna. Mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Fedha ya leseni ya kila mwaka ingemlipa posho kijana aliyehitimu, na maarifa yake yangebaki nchini hata mkataba ukiisha.

Kwa hiyo wanaoandaa zabuni za mwaka ujao wa fedha wadai mambo matatu kwa maandishi. Mzabuni ataje distro, toleo lake na tarehe ambayo huduma ya usalama itakoma. Aoneshe kuwa paneli inalikubali toleo hilo hilo, maana paneli huchelewa na Debian mpya huipita. Na achukue akaunti moja kamili, yenye tovuti, hifadhidata na barua pepe, aihamishe hadi kwenye seva yenye paneli nyingine mbele ya kamati. Jaribio hilo lifanyike kabla ya malipo ya kwanza.