Sterengi inavuja tena? Kabla ya kumlaumu fundi, tazama chumvi



Leo siandiki juu ya muhogo wala mpunga. Diploma yangu ni ya kilimo, si ya umakanika, na hilo nalisema mapema ili fundi atakayesoma asinicheke. Lakini zao lisilofika sokoni halina tofauti kubwa na zao lisilovunwa, na hapa Pemba zao linafika sokoni kwa keri, kwa Noah iliyotolewa viti, na kwa gari za abiria zinazobeba watu ndani na magunia juu. Msimu wa karafuu ukimalizika wapo wanaonunua gari kwa pesa waliyolipwa na ZSTC. Haupiti muda, swali linaanza: "Bwana shamba, sterengi inavuja mafuta. Fundi kabadilisha sili mara mbili na bado inavuja. Fundi mwongo au sili feki?"

Maoni yangu ni kwamba mara nyingi si fundi wala si sili. Ni chumvi. Na tukiendelea kulipia sili bila ya kushughulika na chumvi, tutaendelea kutupa pesa za karafuu barabarani tone kwa tone.

Tuanze na sterengi yenyewe. Zile za mafuta zina pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Pampu inasukuma mafuta kupitia paipu hadi kwenye reki, na mafuta ndiyo yanayokusaidia kukata kona. Nguvu yake si ya mchezo. Tairi ya gari ndogo unaijaza upepo wa paundi 30 hivi, lakini ndani ya paipu ya sterengi, ukikata kona hadi mwisho, nguvu inapita paundi 1,000. Paipu inayobeba nguvu hiyo ni chuma upande mmoja na raba upande wa pili, na pale vinapoungana pamebanwa kwa pete ya chuma. Maji ya chumvi yakiingia chini ya pete hayatoki. Hukaa humo yanakula, na wewe kwa juu huoni kitu mpaka siku mafuta yanapoanza kutoka kama jasho.

Sehemu ya pili, ambayo ndiyo inayowagombanisha watu na mafundi wao, ni reki. Ndani ya reki mna fimbo ya chuma iliyong'arishwa, inakwenda kulia na kushoto. Sili inaikumbatia fimbo hiyo ili mafuta yasitoke. Kila upande kuna raba ya mikunjo inayokinga fimbo na mchanga na maji. Raba ikipasuka, na zinapasuka kwa umri na jua, maji ya chumvi yanaifikia fimbo na kutu inachimba vishimo vidogo kama alama za ndui. Baada ya hapo kila ukikata kona, fimbo yenye vishimo inapita kwenye sili kama tupa. Sili mpya utakayoweka leo itakatwa na vishimo vile vile vilivyoikata ya zamani. Fundi hakukuibia. Aliweka kitu kizima juu ya kitu kibovu, pengine kwa sababu wewe mwenyewe ulimwambia huna pesa ya reki.

Kwa hiyo unapopeleka gari gereji, swali la kwanza lisiwe "sili bei gani?" Mwambie fundi avue raba ya mikunjo, aipanguse fimbo kwa kitambara, kisha ipitisheni ukucha juu yake nyote wawili. Ukucha ukikwama, msihangaike na sili. Hapo ni kutafuta reki nyingine. Na ukinunua reki ya mtumba, fanya kipimo hicho hicho dukani kabla hujatoa pesa. Muuzaji akikataa uivue raba, ondoka.

Kwa nini Pemba zaidi? Kisiwa chetu kina urefu wa kilomita 67 hivi na upana wa kilomita 22 tu, na ghuba zimeingia ndani kila upande. Hakuna gari ya bara hapa, zote ni za pwani. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na chumvi ina tabia mbaya: unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 inaanza kuvuta maji yenyewe, bila ya mvua. Chini ya gari yenye chumvi hapakauki vizuri, hata usiku wa kiangazi. Kisha sisi wenyewe tunaongeza. Maji yakitoka tunaiingiza gari mpaka kwenye mchanga tupakie mwani mbichi. Pale diko la Tumbe na kwengineko, samaki wanapakiwa kwenye ndoo zilizotoboka, na maji yao yanashuka sakafuni, yanapita kwenye matundu, yanadondokea chesesi na paipu zote. Gari nyengine inavuka na meli imewekwa pale bahari inaporusha maji, na ikiteremka Mkoani inakwenda moja kwa moja kupakia.

Na kuna kutu tunayoinunua. Gari nyingi zetu ni mitumba ya Japani, na zile zilizotumika upande wa kaskazini ya nchi ile, kama Hokkaido, zimepita miaka juu ya barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Gari kama hiyo juu inang'ara, chini imeshaliwa. Ukiona chini pamepakwa rangi nyeusi mpya mpya, chukua bisibisi ugonge pole pole. Rangi ikibanduka pamoja na magamba ya chuma, umeshajua. Mtu anayenunua ng'ombe humfungua mdomo akatazama meno, lakini mtu yule yule ananunua gari ya mamilioni bila ya kulala chini yake. Sielewi.

Sasa niseme jambo linaloniudhi zaidi: tabia ya kuongeza mafuta tu. Kuna watu wana chupa chini ya kiti, kila asubuhi wanatia, wanakwenda. Kuna anayetia mafuta yoyote anayoyakuta. Mafuta ya breki yakiingia kwenye sterengi yanaharibu sili zote zilizobaki, na mafuta ya sterengi yakiingia kwenye breki yanavimbisha raba za breki, na hilo ni kubwa zaidi. Toyota nyingi za zamani zinatumia mafuta ya gia otomatiki, Honda wana ya kwao. Soma kifuniko cha kikopo au kitabu cha gari, usimuulize jirani.

Siogopi sterengi nzito peke yake. Mafuta yakikauka gari bado inakata kona, ila kwa nguvu za mikono. Lakini fikiria paipu ipasuke ghafla kwenye kona za njia ya Chake kwenda Mkoani, gari imejaa magunia na wanafunzi wa skuli, na dereva hakutegemea uzito ule. Fikiria pia kwamba paipu za breki zinapita chini humo humo, zinapata chumvi ile ile. Ndiyo maana nasema sterengi inayovuja kwa kutu ni sababu ya kukagua breki siku hiyo hiyo. Anayebeba abiria na hakagui, mimi simwiti mfanyabiashara.

Dawa ni maji baridi, sabuni si lazima. Gari iliyokwenda diko au iliyovuka bahari ioshwe chini siku hiyo hiyo, kabla ya kulala. Wengi wanaosha kioo na milango, wakishaona inang'ara wanaweka mpira. Geuza: anza chini, kwenye matao ya tairi, kwenye reki, kwenye chesesi, ndiyo umalizie juu. Na hayo maji yaonje kwanza. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na kuosha gari kwa maji hayo ni kuipaka chumvi upya. Maji ya mvua uliyoyakinga kwenye pipa ni mazuri kuliko yote. Samaki na mwani viwekwe kwenye beseni zima au juu ya turubali lililokunjwa kingo, maji yasiguse sakafu.

Kupaka oili chafu chini ya gari sikuungi mkono, ingawa najua wengi wenu mnafanya. Inazuia kutu kiasi, sikatai, lakini inalainisha raba na bushi mpaka zinapasuka mapema, yaani unaharibu zile zile raba zinazoilinda reki. Na inadondoka. Mimi ndiye ninayeitwa kutazama mchicha uliokufa nyuma ya gereji, na mvua ya masika ndiyo inayoyapeleka mafuta hayo mabondeni kwenye mpunga. Bora osha, kausha, sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha paka rangi ya kuzuia kutu. Ukipaka rangi juu ya chumvi umeifungia humo.

Kujua kama inavuja ni rahisi. Weka kadibodi chini ya injini usiku kucha. Tone jekundu au la waridi upande wa mbele huenda ni sterengi, au gia otomatiki, kwa hiyo fungua kikopo cha sterengi uone kama yamepungua. Tone jeusi ni oili ya injini. Maji safi ni ya kiyoyozi, usijali. Ukisikia sterengi inalia kama paka unapokata kona, na ndani ya kikopo kuna povu, hewa imeshaingia. Usikae hadi Ijumaa. Na kama gari yako haina kikopo kabisa, huenda sterengi yake ni ya umeme, zipo nyingi siku hizi. Usijipongeze: paipu za breki bado unazo.

Kamati za madiko nazo nina neno nazo. Kila gari inayopakia inalipa ushuru wake. Bomba moja la maji baridi na mpira wake pale gari zinapotokea, dereva aoshe chini kwa dakika tano kabla hajashika njia, si jambo la kusubiri mradi wa wafadhili. Nimelisema kwenye vikao viwili na bado naambiwa gari si kazi ya bwana shamba. Wenye keri mkikaa kwenye kikao kijacho, lisemeni nyinyi.